Klorofomu Bandani kwa Mama Wolfgang

Niliishia nikiwa nimepiga magoti kwenye mavi ya nguruwe, sikio langu limelala ubavuni mwa dume la Mama Wolfgang, nasikiliza moyo ambao haukuwepo.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitasema kwa kifupi. Mimi ni Bura. Nina miaka hamsini na mbili, shule niliiacha darasa la tano, na kazi yangu ni kuhasi. Nahasi mafahali wa kulima, nahasi mabeberu, lakini zaidi nahasi nguruwe, kwa sababu dume lisilohasiwa nyama yake inanuka mkojo hata ukiipika na kapu zima la ndimu. Kazi hii alinifundisha baba. Kisu, kamba, na chuma kinachowekwa kwenye jiko la mkaa kiwe chekundu, uchomee kidonda damu isimame.

Aliyeniletea balaa anaitwa Cornel, mtunza maabara wa sekondari moja hapa Katesh. Alikuwa na chupa ya kahawia ya klorofomu, dawa wanayolazia panya na vyura kabla wanafunzi hawajawapasua. Ilikuwa imepita muda wake na alitakiwa kuiorodhesha iharibiwe. Akaniletea mimi. Nikampa kitoto cha nguruwe.

Madume matatu ya kijiji cha Hirbadaw yalilala, nikayakata, yakaamka. Watu wakaanza kuniita Daktari. Sikuwasahihisha.

La nne lilikuwa la Mama Wolfgang, pale Jorodom. Jina lake la kanisani ni Ludovika, ila hakuna anayemwita hivyo. Kijana wake Wolfgang anaoa baada ya miezi mitatu, na dume hilo ndilo lilikuwa kitoweo cha harusi. Lihasiwe sasa, harufu iishe, siku ikifika watu wale bila kushika pua.

Banda lake amelijenga upya kwa mabati yaliyochimbuliwa kwenye tope la maporomoko ya mlima, yamekunjamana kama karatasi, lakini kalikandika vizuri, upepo haupiti. Lina dirisha moja. Nililiziba kwa gunia. Mlango nikaufunga. Sikutaka mtu aone ile chupa, maana siri ikionekana, Daktari atakuwa nani tena? Madume ya Hirbadaw niliyalaza nje, kwenye hewa. Hili nililifungia ndani, na jiko langu linawaka.

Dawa niliimimina kwenye kikombe cha plastiki, nilowanishe kitambaa cha kumfunika dume pua. Kikombe kikalainika, kikaninata vidoleni kama bazoka iliyotafunwa. Hata hapo sikujiuliza, dawa inayoyeyusha kikombe itafanya nini ndani ya nyama.

Sasa tuendelee.

"Shemeji," Gidion akasema, "huyu amelala au amekwenda?"

"Amelala."

"Analala bila kupumua?"

Gidion ni mume wa dada yangu Zita. Miaka kumi na minane amenishikia wanyama. Ana mikono kama makoleo ya mhunzi, na ana mdomo. Siku hiyo alikuwa ameshika kichwa cha dume, ameinama, jiko liko mgongoni kwake kiasi cha mkono mmoja. Mimi nilikuwa upande wa miguu, karibu na upenyo ulioko chini ya mlango.

Akaanza kukohoa. Machozi yakamtoka.

"Humu kunanuka nini?"

"Nguruwe."

"Nguruwe namjua, shemeji, nimezaliwa naye. Hii ni kama majani makavu yaliyooza. Koo linawaka."

Mimi nilikuwa nasikia utamu. Ile dawa ina harufu tamu, tamu ya kuudhi, inakaa nyuma ya ulimi kama pipi uliyoiokota chooni ukailamba kabla hujakumbuka umeiokota wapi. Nilimeza mate, nikameza tena, haikuondoka.

Mlango ukagongwa.

"Bura! Mbona kimya? Mkandarasi hajawahi kunyamaza hata akiwa anakula!"

Mkandarasi ndilo jina alilompa dume lake, kwa sababu alikula vya kila mtu na kazi yake haikuonekana.

"Tunamaliza, mama!"

Nikamwangalia Gidion. Gidion akaniangalia. Nikachukua kisu, nikamkata dume koo. Damu ilitoka nzito, haikuruka, ilijikokota tu kama oili chafu ya trekta. Mnyama aliye hai hatoi damu namna ile. Kila mfugaji wa hapa analijua hilo, ndiyo maana niliifukia haraka kwa mavi na majani kabla sijafungua mlango.

Gidion aligeuza uso. Alitoka nje akainama, mikono magotini, akakohoa mpaka akacheka.

"Nini kimetokea?" Mama Wolfgang akauliza.

"Pole, mama. Moyo wake ulikuwa mbovu. Nimewahi kumchinja, asife hivihivi."

"Moyo mbovu? Juzi karuka ukuta akaenda kwa jike la Mectilda! Moyo mbovu unaruka ukuta?"

"Ndiyo magonjwa ya siku hizi, mama. Hayaonekani."

Aliniangalia kwa muda. Ni mwanamke aliyepoteza nyumba, ng'ombe wanne na ndugu wawili kwenye tope, kisha akarudi kuchimbua mabati yake mwenyewe kwa jembe. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa raha. Lakini nyama ilikuwa pale, kilo zaidi ya mia, na jua lilikuwa linapanda.

"Basi tutamla," akasema. "Amechinjwa, si mzoga. Majirani watachukua, Wolfgang tutamtafutia mwingine. Pasua."

Nikasema, "Sawa, mama."

Hayo maneno mawili ndiyo nayaonea kinyaa kuliko yote niliyoyatamka maishani, mpaka hapo. Baadaye siku hiyohiyo nilitamka mabaya zaidi.

Gidion alikuwa amenawa uso. Kikohozi kimekata, rangi imerudi.

"Mimi naenda ghalani," akasema. "Kuna lori la mahindi linapakiwa. Shemeji, hongera, madume mengine unayahasi vile viwili, huyu umemhasi mpaka roho."

Akaondoka anacheka peke yake. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimtazama mgongo wake mpana unavyoshuka kwenye njia, nikashukuru kwamba angalau yeye ni mzima.

Nilimpasua Mkandarasi juu ya majani ya migomba. Kadiri nilivyoingia ndani, ndivyo utamu ulivyozidi. Mafuta yake meupe yalitoa harufu ya duka la vipodozi. Mapafu yalikuwa yamevimba. Inzi walikuja, wakatua, wakaondoka. Mimi nimechinja tangu nina miaka kumi na minne, sijawahi kuona inzi anakataa nyama.

Mpaka namaliza kukatakata, ilikuwa imepita saa sita mchana. Mama Wolfgang alichukua ini, kama ilivyo desturi ya mwenye mnyama, akalikaanga kwa chumvi kwenye kikaango pale jikoni kwake. Akatia kipande mdomoni.

Akatafuna mara tatu. Akatema ukutani.

"Hii ni nini?"

"Ini, mama."

"Ini gani tamu? Bura, umempaka nini mnyama wangu? Marashi?"

"Labda alikula kitu."

"Alikula pumba! Nimempa mimi mwenyewe!" Akachota kipande kingine kwa kisu, akanisogezea. "Haya. Kula wewe."

"Mama, mimi tangu asubuhi sijisikii..."

"Kula. Si umesema moyo ulikuwa mbovu? Hili ni ini. Kula nikuone."

Nikala.

Ulimi ulikufa ganzi pembeni. Ule utamu ukapanda puani, ukarudi chini na mafuta ya moto, na katikati yake kulikuwa na ladha ya ini la kawaida, ini la nyumbani, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilimeza kwa sababu alikuwa ananiangalia. Kisha nikatoka mbio mpaka nyuma ya choo, nikatapika chai, nikatapika ini, nikatapika maji ya kijani, na kila kilichotoka kilinukia pipi.

Hapo nyuma ya choo, na matapishi kwenye viatu, ndipo nilipompigia Cornel.

"Shikamoo, mzee Bura."

"Marahaba. Cornel, dume limekufa."

"Lo, pole. Basi ilizidi. Ile dawa haina huruma, mzee, nilikwambia. Ikizidi kidogo tu moyo unasimama. Ndiyo maana hospitali waliachana nayo miaka mingi, ilikuwa inawaua watu mezani."

"Nyama je?"

"Fukieni. Inakaa kwenye mafuta ile, inaharibu ini la mtu. Asile yeyote, hata mbwa."

"Sawa. Ila kweli ni kali. Gidion amekohoa mpaka machozi, koo likamwaka..."

Cornel akanikatiza.

"Mzee Bura. Klorofomu inalevya. Haichomi koo namna hiyo. Mlikuwa na moto humo ndani?"

"Jiko tu. La kuchomea chuma."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Nilifunga."

Cornel alisema neno ambalo mhariri hataliandika.

"Nisikilize vizuri," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtoto. "Ile kitu haiwaki moto, ndiyo maana watu wanadhani haina shida. Lakini mvuke wake ukipita kwenye mkaa unaowaka unageuka hewa nyingine. Sumu. Hewa ambayo Wazungu waliuana nayo vitani. Inanuka kama majani yaliyooza. Alisema inanuka hivyo?"

Nikageuka kulitazama banda.

"Mzee! Alisema?"

"Alisema."

"Yuko wapi?"

"Yuko sawa, Cornel. Alikohoa akaacha. Alicheka, akaenda zake."

"Ndivyo inavyofanya! Mtu anakohoa, anapona, anakula, anacheka. Zinapita saa nne, tano, sita, halafu mapafu yanajaa maji. Anazama akiwa nchi kavu, mzee. Atulie. Asitembee hata kwenda chooni, abebwe, apelekwe akapewe oksijeni. Akifanya kazi nzito inamuwahi. Yuko wapi?"

"Anapakia mahindi," nikasema.

Nilimpita Mama Wolfgang nikikimbia. Nikampigia kelele kwamba afukie nyama yote. Akauliza kwa nini. Sikusimama. Nilisikia kikaango kinagonga bati nyuma yangu, sijui alikuwa amenilenga.

Niliita bodaboda pale juu. Njiani nilimpigia Gidion mara tano, simu ikapokelewa na Zita.

"Kaka, simu ameiacha inachajiwa. Kuna nini, mbona unahema?"

"Hakuna kitu. Nje kuna upepo."

Mnaona? Hata kwa dada yangu. Nilikuwa nimeshajua mume wake anaweza kufa, nikamwambia kuna upepo.

Ghala liko kandokando ya barabara ya Singida. Lori lilikuwa limejaa nusu. Gidion alikuwa wa tatu kwenye mstari, gunia la kilo mia begani, shati limelowa, anaimba.

"Shemeji, tua gunia!"

"Nitue nikupe wewe? Utaweza, Daktari?"

Wapakiaji wakacheka. Msimamizi wao, Nikolausi, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, akaja.

"Mzee, usinisimamishie kazi. Lori linatakiwa liondoke."

"Nikolausi, huyu ni mgonjwa."

"Gidion? Huyu amebeba magunia hamsini toka aje! Wagonjwa ni hawa wengine."

Wakacheka tena. Nilimkamata Gidion mkono.

"Ule moshi wa bandani ulikuwa mbaya. Twende hospitali."

"Moshi wa jiko?" Alinisogelea na gunia lake. Nikaona midomo yake imekuwa ya bluu kidogo, kama aliyekula zambarau. "Dada yako anapika kwa kuni miaka yote, hujawahi kumpeleka hospitali. Leo jiko moja la mkaa unanililia mbele ya wanaume. Au dume limefufuka linanidai?"

Ningesema pale. Watu kumi na tano walikuwa wananisikiliza. Ningesema, nimetumia dawa iliyoibwa shule, nimeipika kwenye moto bila kujua, na wewe umeinywa kwa pua. Angetua gunia. Angalau angetua gunia.

Lakini wale watu kumi na tano nusu yao wana nguruwe. Nusu yao wananiita Daktari.

"Nakuomba tu, shemeji," nikasema.

"Nikimaliza lori," akasema, akapanda ubao ulioegemezwa kwenye lori.

Alifika katikati. Nilimwona anasimama, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyesahau alichofuata. Gunia likaanguka pembeni, likapasuka, mahindi yakamwagika hadi barabarani. Yeye alikaa juu ya ubao polepole. Akakohoa. Si kile kikohozi cha asubuhi. Hiki kilikuwa na maji ndani, kinatokota.

Akajifuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja. Kulikuwa na povu, na povu lilikuwa la waridi.

"Shemeji," akasema taratibu, bila utani, "umenipa nini?"

Nikolausi mwenyewe ndiye aliyemshusha. Tulimlaza kwenye bajaji, kichwa mapajani kwangu, na nilipoona hapumui akiwa amelala tukamkalisha. Njia nzima alikuwa anatoa mlio wa mrija unaonyonya tone la mwisho la soda. Povu lilikuwa linanidondokea suruali. Nitasema ukweli, kwa sababu ndio ulionileta kwenye gazeti hili: nilisogeza goti. Mume wa dada yangu anazama, mimi nasogeza goti lisichafuke. Suruali ilikuwa tayari ina mavi ya nguruwe.

Hospitalini walimpokea haraka, hilo sina lawama nalo. Wakamkalisha kitandani, wakamfunga barakoa, mtungi wa oksijeni ukaanza kuvuma. Kijana mmoja akamchoma mrija wa maji. Mimi nilitolewa nje kwenye korido.

Cornel alikuwa ananisubiri pale. Alikuwa na koti lake jeupe la maabara, amelikunja chini ya kwapa kama mwizi wa nguo.

"Anapumua?"

"Kwa mashine."

"Mungu mkubwa. Wamemwekea oksijeni? Basi. Hiyo ndiyo dawa yake, hakuna nyingine, hewa na kutulia." Akanivuta mpaka dirishani. "Sasa, mzee, watakuuliza alivuta nini."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini? Klorofomu? Hapa Katesh klorofomu inatoka wapi, dukani kwa Mangi? Siku hiyohiyo watakuwa shuleni. Mimi nina watoto watatu, mzee Bura. Mke wangu ana mimba. Na wewe je? Utaitwa nani? Mtu anayelaza wanyama wa watu kwa dawa ya wizi?" Akanisogelea sikioni. "Sema dawa ya kuogeshea mifugo. Kila mtu anayo. Matibabu ni yaleyale, wanampa hewa tu, hakuna atakayeumia. Nakuapia, hakuna atakayeumia."

Nilitaka kumtemea. Nilitaka pia awe anasema kweli. Hilo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Daktari wa zamu alitoka. Binti mdogo, hajafika miaka thelathini, mgeni kutoka Tanga, kitambulisho chake kimeandikwa Fabiola.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kanipa heshima yangu yote, na mimi nikaipokea.

"Mgonjwa ni nani wako?"

"Shemeji yangu. Ameoa dada yangu."

"Hali yake si nzuri. Nahitaji kujua amevuta nini. Msimamizi wao anasema mlikuwa wote bandani asubuhi."

Cornel alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anavuta pumzi, haiachii.

"Dawa ya kuogeshea mifugo," nikasema. "Ilimwagika."

"Ya aina gani?"

"Ile ya maji meupe. Chupa nimeshaitupa."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa na kifuniko cha kipepeo, kama ya mtoto wa shule. Halafu akakunja uso.

"Ajabu. Zile dawa zingine za kuogeshea zinabana mboni za macho, mate yanatiririka. Huyu mboni zake ni za kawaida." Akatikisa kichwa. "Lakini mapafu yamejaa, hilo nalo linatokea. Njoo ndani, ukae naye. Nesi! Niandalie atropini."

"Ni... hiyo ni ya nini, mwanangu?"

"Ni sindano ya kuvunja nguvu za ile sumu. Tunampa nyingi, tunarudia mpaka kifua kikauke."

"Na kama sumu siyo hiyo?"

Aliniangalia. "Kama siyo, itaukimbiza moyo wake bure, na moyo wake hauna nguvu za kuchezea. Ndiyo maana nimekuuliza, mzee wangu."

Niligeuka kumtafuta Cornel. Korido ilikuwa tupu.

Ndani Zita alikuwa ameshafika. Amekaa pembeni ya kitanda na kanga yake ya shambani, amemshika mumewe mguu. Aliponiona akaanza kulia.

"Kaka, Nikolausi kaniambia umemfuata mpaka ghalani ukamsihi. Asante, kaka. Bila wewe angefia juu ya lori."

Nikasema, "Nyamaza, Zita."

Gidion alikuwa amekaa, mito mitatu mgongoni, macho mekundu. Barakoa ilikuwa inajaa ukungu, ukungu unaisha, kila pumzi ni kazi. Lakini akili zake zilikuwa kamili. Nilijua hivyo kwa sababu Fabiola alipoingia na karatasi yake na kumwambia Zita, kwa upole, "Tunampa sindano ya kuvunja nguvu za dawa ya mifugo aliyoivuta," Gidion alifungua macho yote.

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Tulia, baba," Fabiola akamwambia. "Usijichoshe."

Akatikisa tena, kwa nguvu, na ile mashine iliyofungwa kidoleni mwake ikaanza kulia. Akanyoosha kidole kwangu. Mimi. Yeye aliiona chupa. Yeye alikuwa pale. Alijua hatukuwa na dawa ya kuogeshea hata tone.

"Anamtaka kaka," Zita akasema. "Kaka, sogea, anakutaka."

Nikasogea.

Gidion alipeleka mkono usoni, akashika ukingo wa barakoa, akaanza kuivuta aongee. Hewa ikapuliza pembeni. Midomo yake ikawa ya kijivu papo hapo. Namba kwenye ile mashine zikaporomoka, tisini, themanini na tatu, sabini na tisa.

"Mzuieni!" Fabiola akapiga kelele. "Akiivua hiyo atakufa!"

Nikaukamata mkono wake. Ule mkono ulioniinamishia mafahali miaka kumi na minane niliukandamiza kwenye godoro kwa mikono yangu miwili, nikaulalia kwa uzito wangu. Barakoa ikarudi mahali pake. Namba zikaanza kupanda.

"Mshike hivyohivyo, kaka," Zita akalia. "Usimwachie. Mungu akubariki."

Nilimshika. Macho yake yalikuwa kwenye macho yangu, karibu kabisa, na chini ya ile plastiki yenye ukungu midomo yake ilikuwa inatamka neno moja, chupa, inalirudia, bila sauti.

Nesi akaingia na trei. Fabiola akachukua sindano, akaigonga kwa ukucha, akainua ule mrija wa maji.

Kisha akasita.

"Mzee," akasema, "nakuuliza mara ya mwisho. Una hakika?"

Zita akanijibia. "Daktari, huyu ni kaka yangu. Hawezi kudanganya juu ya mume wangu."

Fabiola akangoja kidogo, akaniona nimenyamaza. Akaiingiza sindano kwenye mrija.